Kichwa kinakuamsha usiku upande mmoja? Andika haya kabla hujaenda kwa daktari
Jamani kama kichwa kinakuamsha saa nane usiku, upande mmoja kwenye jicho, chozi linatoka, pua inaziba na huwezi hata kulala unazunguka tu chumbani, usiishie duka la dawa pale Majengo. Inaweza kuwa klasta, yaani maumivu makali ya kichwa ya upande mmoja yanayokuja kwa vipindi, inakaa dakika 15 mpaka masaa 3, Panadol ikianza kufanya kazi mara nyingi imeshapoa yenyewe.

Chukua daftari. Andika imeanza saa ngapi, imeisha saa ngapi, jicho gani, ulilala saa ngapi na kila kidonge ulichomeza, hata vya presha, hata prednisoloni (dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe) maana hiyo ukiinywa jioni usingizi unakata. Mi daftari naliweka chini ya mto na kalamu yake, asubuhi hukumbuki kitu. Halafu hesabu: dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, ikipita miezi mitatu, zenyewe zinaweza kuleta maumivu ya kichwa.

Ila dawa ya muda mrefu usiikate ghafla, hasa za usingizi, muulize daktari kwanza tafadhali. Pombe acha kabisa kipindi ambacho kichwa kinakusumbua hivyo. Ukifika hospitali ulizia na oksijeni ya maski, klasta inaitikia.