Jinsi ya kuendesha gari Dar bila kugombana na mtu barabarani

Nyie mnaotoka Mbezi au Gongo la Mboto kuingia Posta asubuhi, hii inawahusu sana.

Anza na muda. Ukitoka nyumbani umeshachelewa kila aliye mbele yako unamuona adui, hata bibi wa watu anayevuka kwenye zebra. Toka mapema, na kama muda umeshakukimbia piga simu kabla hujawasha gari useme nachelewa, ukishasema presha inashuka maana hakuna tena unayemkimbizia.

Haya, kuchomekewa. Hapa ndo ugomvi mwingi unapoanzia. Umekaa foleni ya Mwenge weee, anatokea mtu katanua huko pembeni anakuja kuingiza pua ya gari mbele yako. Inauma, na kosa ni lake kabisa. Ila piga hesabu, ukimpisha umepoteza mita tano hivi na sekunde chache, ukimbania mkagusana mnashuka, mnafokeana, mnasubiri trafiki, bampa imeenda, kazini hujafika na watu wote nyuma wamekwama kwa ajili yenu. Mpishe. Usimkazie macho, usimuwashie full, usilalie honi, maana hivyo ndo vinamfanya mtu aliyekuwa anapita zake ashuke na spana mkononi.

Alafu acha nafasi mbele. Kwa spidi 50, ambayo ndo mwisho kwenye maeneo ya makazi, gari linakula kama mita 14 kila sekunde, sasa umemgandia mtu nyuma akifunga breki unafanyaje? Chagua nguzo ya umeme, gari la mbele likiipita hesabu elfu moja na moja, elfu moja na mbili, ukiifikia kabla hujamaliza uko karibu mno. Mvua ikinyesha ongeza. Najua mtasema ukiacha nafasi daladala inaingia, ndiyo itaingia, achia mafuta kidogo nafasi itarudi.

Na suka wa daladala anawaza hesabu ya bosi jioni, wewe hata hakufikirii, kwahiyo usidhani kakudharau. Ukikaribia kituo kaa leni ya kulia mapema basi. Bodaboda nao angalia saitimira zote mbili kabla hujakata kona, na akikugonga kioo akasepa usimfukuze, kioo kinanunulika.

Kuna mtu anakufuata kwa hasira? Funga milango, pandisha vioo, usimpeleke kwako. Nenda kituo cha polisi au sheli yenye watu, usishuke, piga 112.

Kama kosa ni lako nyoosha mkono, mwonyeshe umekubali. Mkono tu ule unazima mambo mengi sana hapa mjini, sielewi kwanini watu wanauonea uchoyo. Na ukisikia mikono imekaza kwenye usukani na unaongea peke yako, ingia sheli, zima gari, kunywa maji, kaa mpaka moyo utulie.

Abiria wa mbele nawe usiwe wa kusema "na wewe mbanie, asikuzoee". Dereva akianza kufoka we ndo wa kumwambia achana naye twende zetu, na umwambie mapema kabla hajashusha kioo.