Mchezo umekabidhiwa, sasa ukaguliwe: mwongozo kwa vikundi vya wanafunzi wa Lubumbashi

Rapoti nyingi ambazo vikundi vya wanafunzi huandika baada ya mradi wa mchezo wa video zinafanana: tulishirikiana vizuri, muda ulikuwa mfupi, umeme ulikatika. Asistenti anayesahihisha ameshazisoma mara nyingi. Tathmini yenye faida inatafuta maamuzi: mliamua nini, lini, mkiwa mnajua nini, na uamuzi huo uliwagharimu nini. Kikao kimoja cha saa mbili kinatosha, ilimradi kiwe kimeandaliwa.

Kaeni ndani ya wiki moja baada ya kutetea mradi, ila si siku ileile, maana watu bado wamechoka. Ikiwezekana iwe kabla pointi hazijatoka. Zikishatoka, kila mtu anajadili pointi na mchezo unasahauliwa.

Ushahidi kwanza

Kusanyeni kwenye folda moja: andiko la kwanza la wazo la mchezo, toleo la katikati na toleo la mwisho (yote mawili yanayofunguka), historia ya Git (programu inayotunza kila badiliko la faili za mradi), maandishi ya majaribio ya wachezaji, na mazungumzo ya kikundi chenu cha WhatsApp yaliyotolewa kama faili la maandishi. Faili hilo halitakuwa na ujumbe wa sauti, na maamuzi mengi yamo humo. Mpeni mtu mmoja kazi ya kuusikiliza na kuandika tarehe na neno lililokatwa.

Kwa Git, amri `git shortlog -sn --all` inaorodhesha majina na idadi ya komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa) za kila mmoja. Msiitumie kupima nani alifanya kazi. Mchoraji anaweza kukaa siku tatu kwenye picha moja na kutoa komiti moja. Na pale wawili wanaposhirikiana laptopu moja, kazi yote inaingia kwa jina la mwenye mashine. Historia ya Git ni nzuri kwa kitu kingine: kuonyesha lini kazi ilisimama na lini ilirundikana. Nusu ya komiti zikiangukia siku nne za mwisho, hapo pana swali.

Halafu chora jedwali la safu nne: sehemu ya mchezo, saa mlizokadiria, saa zilizotumika kweli, hali ya mwisho (imekamilika, imepunguzwa, imeachwa). Saa za kweli zitakuwa za kukisia kidogo, si neno. Kama ramani ilikadiriwa saa 10 ikala 26, mnajua kwamba makadirio yenu ya ramani yanazidishwa karibu mara mbili na nusu mradi ujao.

Kikao chenyewe

Anayeongoza asiwe mkuu wa mradi. Dakika kumi za kwanza ni kimya: kila mmoja anaandika kwenye vikaratasi maamuzi matatu yaliyosaidia na matatu yaliyogharimu. Mkianza kwa kusema, wa kwanza kusema ndiye atakayeamua mada. Na mazungumzo yafanyike kwa Kiswahili hata kama rapoti itaandikwa Kifaransa. Mkilazimisha Kifaransa, mtawasikia tu wanaokimudu.

Pangeni vikaratasi kwa mafungu: uchezaji, programu, picha na sauti, mpangilio wa kazi. Kisha chagueni maamuzi matatu tu ya kuchimba. Kikundi kinachotaka kujadili kumi na tano hakichimbi hata kimoja.

Kuchimba ni hivi. Tuseme mchezo wenu ni wa dereva wa manseba (teksi ya pikipiki) anayepeleka abiria kutoka komuni ya Kenya hadi katikati ya mji, na kwenye simu ya bei nafuu unakwama: fremu 18 kwa sekunde badala ya 30. Jibu la haraka ni “simu ni mbovu”. Endeleeni kuuliza. Kumbukumbu inajaa. Kwa nini? Picha 12 za majengo zina pikseli 4096 kwa 4096. Faili la PNG kwenye diski linaweza kuwa na megabaiti moja tu, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Lakini likifunguliwa bila kubanwa, kila pikseli inachukua baiti 4, yaani megabaiti 64 kwa picha moja na 768 kwa zote. Zikipunguzwa hadi 1024 kwa 1024, kila moja inabaki na megabaiti 4, zote 48. Kwa nini zilikuwa kubwa hivyo? Mchoraji hakupewa kipimo. Kwa nini kosa halikuonekana mapema? Toleo la simu lilitengenezwa mara ya kwanza wiki ya mwisho, kwa sababu mwanzoni mlikubaliana kwamba simu itakuja mwishoni. Huo ndio uamuzi mliokuwa mnautafuta. Mchoraji hana kesi.

Majaribio ya wachezaji nayo yasomwe kwa jicho hilo. Andikeni kando kando walichosema na walichofanya. Rafiki atasema mchezo ni mzuri. Kidole chake kikigonga mara nne mahali pasipo na kitufe, kidole ndicho kinachosema kweli.

Kuhusu umeme: ni kweli unakatika, na uandikwe, lakini kwa saa, si kwa malalamiko. Kisha tenganisheni kilichokuwa mikononi mwenu. Git inaweka komiti ndani ya mashine bila intaneti. Kama kazi ya jioni nzima ilipotea, tatizo lilikuwa pia kukaa saa tano bila komiti.

Kuna mwenzenu aliyepotea katikati ya mradi? Msimwite mvivu. Andikeni: kazi ilitolewa tarehe fulani, ilitarajiwa tarehe fulani, ilifika au haikufika, na nani aliibeba. Kama yupo kikaoni, aseme yeye kwanza. Mara nyingi inajulikana hapo kwamba hakuwa na mashine, na hakuna aliyeuliza.

Kuandika

Sehemu ya kikundi iwe fupi. Sehemu ya kila mmoja ndiyo nzito. Tumia “mimi” unapoeleza ulichofanya. “Tulipata matatizo ya kuunganisha kazi” haisemi kitu. Jaribu: “Mimi na mwenzangu tulihariri onyesho kuu (faili la “scene” la mchezo) wiki ileile. Git ilishindwa kuunganisha faili, tukachagua toleo la mwenzangu, na mfumo wangu wa abiria ukaandikwa upya kwa saa sita. Mradi ujao kila onyesho litakuwa na mwenyewe mmoja, na abiria watakuwa onyesho la peke yao.”

Ahadi za mradi ujao zisizidi tatu, na kila moja iwe na jina la mtu na siku ya kukaguliwa. “Tutawasiliana zaidi” haikaguliki. “Toleo la simu linafunguka kila Ijumaa kuanzia wiki ya kwanza” linakaguliwa kwa dakika mbili.

Mwishowe hifadhini mradi kwenye fleshi mbili zinazokaa kwa watu wawili: msimbo, toleo linalocheza, leseni za sauti na picha mlizochukua kwa wengine, na namba kamili ya toleo la injini (programu mliyotengenezea mchezo, kama Godot). Namba hiyo isidharauliwe: mradi wa Godot 3 ukifunguliwa na Godot 4 unabadilishwa, na haurudi nyuma kirahisi. Jaribuni kuufungua kwenye mashine ambayo haikuutengeneza.