Namna ya Kupima Machapisho ya Mtafiti wa Saratani na Uzito wa Kazi Yake

Katika maktaba ninayoihudumia hapa Tanga, madaktari vijana hunijia kabla ya kuomba msimamizi wa shahada ya uzamili, wakitaka kujua kama mtafiti fulani wa saratani ana kazi nzito au ana orodha ndefu tu. Hizi ndizo hatua ninazozifuata. Kwa kuwa sipendi kumpima hadharani mtu aliye hai, mfano wangu ni Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Kampala na kufariki mwaka 1993.

Hatua ya kwanza ni kulithibitisha jina. Kwetu pwani jambo hili si dogo: Mohamed huandikwa pia Mohammed na Muhammad, na mtu huyohuyo hutumia jina la baba katika makala moja na la babu katika nyingine. Tafuta namba yake ya ORCID, yaani namba ya kimataifa ya kumtambulisha mtafiti, yenye tarakimu 16, kisha orodhesha tahajia zote na taasisi alizopitia. Niliwahi kumkabidhi daktari orodha iliyochanganya kazi za watu wawili wenye jina moja, na tuligundua baada ya barua yake ya maombi kwisha kutumwa. Tangu siku hiyo sivuki hatua hii kwa haraka.

Hatua ya pili ni kukusanya machapisho. Anza na PubMed, hifadhidata ya mtandaoni ya makala za tiba, ambayo ni ya bure, halafu Google Scholar, mtambo wa Google wa kutafuta maandiko ya kitaaluma. Hii ya pili hujumuisha pia tasnifu na ripoti, kwa hiyo idadi yake huwa kubwa zaidi. Usichanganye takwimu za sehemu hizo mbili, na uandike tarehe uliyotafuta. Tenga utafiti wa asili na makala za mapitio, kwa sababu mapitio hurejelewa sana hata yasipoleta ugunduzi wowote.

Hatua ya tatu, tazama jina limekaa wapi. Katika makala za tiba, wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya kazi, na wa mwisho ndiye kiongozi wa utafiti. Ukimwona mtafiti wa nchi zetu amekaa katikati ya orodha miaka mingi, usikimbilie kumshusha, maana katika miradi mikubwa wenye fedha ndio mara nyingi hupanga majina.

Hatua ya nne ni kipimo cha h, alichokipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005: ni idadi kubwa kabisa ya makala ambazo kila moja imerejelewa angalau mara nyingi kama idadi hiyo. Panga makala kuanzia iliyorejelewa zaidi. Zikiwa zimerejelewa mara 40, 22, 15, 9, 6, 5 na 2, kipimo ni 5, kwa kuwa makala ya tano imefikisha angalau marejeleo matano, lakini ya sita haikufikisha sita. Kipimo hiki humpendelea aliyeanza zamani, basi usimlinganishe mzee na kijana.

Hatua ya tano ndiyo ninayoitumia muda mwingi kuliko zote: soma waliomrejelea wamesema nini. Makala za takwimu za saratani duniani hurejelewa mara maelfu kwa ajili ya sentensi moja ya utangulizi. Zina manufaa makubwa, lakini marejeleo hayo hayaonyeshi kwamba zimebadili fikra za mtu. Sasa mtazame Burkitt. Mwaka 1958 alichapisha katika British Journal of Surgery maelezo ya uvimbe wa taya kwa watoto wa Afrika. Mwaka 1961 alitoa mhadhara London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwapo mtafiti wa virusi Anthony Epstein, ambaye baadaye alipelekewa kwa ndege sampuli za uvimbe huo kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, walitangaza kuonekana kwa kirusi ndani ya seli za uvimbe huo kwa hadubini ya elektroni. Mnyororo huo, kutoka wodini hadi maabara, hauonekani katika kipimo cha h. Zaidi ya hayo, ugonjwa wenyewe sasa unaitwa limfoma ya Burkitt, na wengi huuandika bila kuirejelea makala ile ya 1958, hivyo hesabu ya marejeleo humpunja mtu ambaye jina lake limekuwa msamiati wa tiba.

Hatua ya sita ni fupi: hakiki kama kuna makala iliyofutwa na jarida. PubMed huweka alama wazi. Soma sababu ya kufutwa, kwani kosa la kweli lililoripotiwa na mwandishi mwenyewe ni tofauti na data za kughushi.

Mwisho, andika ukurasa mmoja wenye tahajia za jina, idadi ya machapisho pamoja na chanzo na tarehe, nafasi yake katika orodha za waandishi, na makala tatu ulizozisoma mwenyewe kikamilifu, kila moja ikifuatwa na maelezo mafupi ya nani aliitumia na kwa kazi gani. Ukurasa huo ndio ninaompa daktari aende nao kwa msimamizi.