Soma tarakimu 4 kabla ya kuangalia kashata za tairi

Wiki hii nimepiga magoti chini ya gari la kulala (la safari, lenye kitanda ndani) linalouzwa: tairi zina kashata (meno ya mpira yanayogusa barabara) nene, zimepakwa dawa ya kung'arisha, lakini zina miaka 11. Tafuta ubavuni neno DOT, kisha soma tarakimu 4 za mwisho. 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23, mwaka 2019. Zikiwa 3 tu, tairi ni la kabla ya mwaka 2000. Hilo hata usilijadili. Usipoziona, mara nyingi zimeandikwa upande wa ndani tu, kwa hiyo ingiza simu chini upige picha kwa tochi. Na spea usiisahau.

Gari la aina hii hukaa miezi limesimama na mzigo wake wote. Dawa zilizochanganywa kwenye mpira ili usipasuke hupanda juu tairi linapozunguka. Lisipozunguka, jua hulikausha huku kashata zikibaki kama mpya. Baada ya miaka 5 tairi likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika 10 toa hata kama linapendeza.

Tarehe pekee haitoshi. Tairi la miaka 3 lililoanikwa juani huweza kuwa na nyufa, basi futa ile dawa ya kung'arisha kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, bonyeza ubavu, pitisha kiganja ukitafuta uvimbe. Kwa tairi lililovalishwa kashata upya, namba hiyo ni umri wa mwili wa tairi, si wa kashata.