Kabla hujaibuka: namna ya kujikinga na boti ukiwa unazamia au unapiga snokeli

Jamani leo naongea na watu wa aina mbili, manahodha wenzangu tunaopeleka wageni kisiwa cha Mnemba kule Zanzibar, na nyie mnaoshuka majini, iwe na mtungi wa hewa mgongoni au snokeli tu, lile bomba la kupumulia ukiwa juu ya maji. Hii kitu ya mtu kupitiwa na boti ikitokea haina nusu, propela ya mashine ya nguvu za farasi 40 ikiwa kwenye spidi inazunguka zaidi ya mara 2000 kwa dakika na mwili wa mtu hauna ubavu mbele yake. Na haijali kama unajua kuogelea au hujui.

Cha kwanza kabisa kushika ni hiki: nahodha hakuoni. Wewe ukiwa majini unaiona boti kubwa nyeupe inakuja unasema na wao wananiona, hapana ndugu yangu, kutoka kwenye usukani kichwa chako ni kama kifuu cha nazi kinaelea, tena umevaa wetisuti nyeusi na kuna vimawimbi. Boti ikishika spidi omo, yaani mbele ya boti, inanyanyuka, yule aliyekaa nyuma na mashine ya mkono hapo mbele karibu haoni kitu kabisa. Alafu kwa sisi wa Nungwi, kaskazini ya Unguja, kuna la jua, asubuhi tunaenda Mnemba tunaelekea kusini mashariki jua liko usoni, mchana ukipinduka tunarudi na lenyewe limeshahamia magharibi liko usoni tena, maji yanang'aa kama bati jipya na hizo ndo saa ambazo watu wamejaa pale. Piga hesabu: boti ya kilomita 36 kwa saa inakula mita 10 kila sekunde, ukiibuka mita 50 mbele yake una sekunde 5, na hapo bado nahodha hajakuona.

Kwa hiyo kazi yako ni uonekane KABLA hujaibuka, siyo baada.

Tuanze na bendera. Kuna mbili, ile ya buluu na nyeupe yenye mkia uliopasuka, inaitwa Alfa, ndiyo ya kimataifa, maana yake nina mtu chini ya maji kaa mbali na pita polepole. Nyingine ni nyekundu yenye mstari mweupe wa mshazari, hiyo wageni wa Marekani wanaijua sana, kule jimbo la Florida sheria inataka boti ijitahidi kukaa futi 300 mbali nayo penye maji ya wazi, kama mita 90 hivi, na ukilazimika kusogea karibu zaidi unakwenda mwendo wa kutambaa. Sheria za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 zinasema boti ndogo ya kupeleka watu kuzamia iweke hiyo Alfa ikiwa ngumu kama ubao, isipungue mita moja kwenda juu, ionekane pande zote. Usiku zinawekwa taa tatu zimepangana wima, nyekundu, nyeupe, nyekundu. Sasa wenzangu wengi tunanunua kitambaa kidogo kama leso, kinajikunja kwenye mlingoti, upepo ukifa hakuna anayekiona. Weka ya ubao au tia fimbo ya juu iikunjue.

Na hapa nasema kwa uchungu: USIACHE BENDERA JUU SIKU NZIMA. Watu wakishatoka majini ishushe. Ukiipeperusha toka Nungwi mpaka unarudi, wenzako wanazoea kuwa ile ni pambo la boti, siku watu wako wako chini kweli hakuna atakayepunguza mwendo. Tena nenda dikoni uwaeleze wavuvi ile bendera ni nini, usitegemee kila mtu anajua, mimi nilichukua jioni moja tu nikakaa na wazee wa ngalawa nikawaonyesha, na toka hapo nikiwa na watu chini naona wanapitia mbali.

Ngalawa na jahazi usizidharau, sababu zikiwa kwenye tanga hazina sauti. Mzamiaji anasikiliza mashine, haisikii, anaibuka, kumbe kuna tanga linakuja na kaskazi na chombo cha tanga hakina breki. Na hata hiyo mashine usiitegemee sana masikio yako, sauti kwenye maji inakwenda kama mita 1500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya hewani, ndo maana inakuwa kama inatoka kila upande. Utajua ipo, hutajua inatoka wapi.

Haya, mwenye mtungi, kupanda kwako kuwe hivi. Ukifika mita 5 simama dakika 3 zako, hapo hapo toa boya la kupuliza, lile refu la rangi ya chungwa, lipeleke juu na kamba ya spuli, kile kigurudumu cha kuzungushia kamba. Kabla hujalipandisha angalia juu hakuna boti imesimama kichwani kwako. Usiifunge spuli kwenye jaketi lako la kujaza hewa, ishike mkononi, boti ikinasa kamba unaachia tu, ukiwa umejifunga inakuburuza juu na hiyo ni balaa lingine la mapafu. Boya likifika juu vuta kamba ikaze, ikilegea boya linalala na likilala ni kama halipo. Kisha panda taratibu pembeni ya kamba, mkono mmoja juu ya kichwa, unajizungusha unaangalia pande zote, na ukisikia muungurumo unaongezeka baki chini kama hewa bado ipo, subiri ufifie. Ukitoka juu zunguka tena mara moja ndo ujaze jaketi. Kundi lipande pamoja kwenye boya moja, siyo kila mtu anaibukia kwake.

Wa snokeli hali yenu ni mbaya zaidi kwa sababu mnatazama chini muda wote na masikio yako majini. Vaa kitu cha rangi kali, fulana ya chungwa au kofia ya njano, kaeni wawili wawili karibu na boya, kila dakika chache nyanyua kichwa uangalie. Mkondo ukikuchukua kutoka kwenye mwamba kwenda maji ya buluu ndo unaingia barabarani, na wale wa visiwa vya Changuu na Bawe, mbele ya mji wa Zanzibar, wawe makini zaidi maana boti za mwendokasi za Dar zinapita huko na hazisimami kwa haraka.

Boti ikikujia moja kwa moja, nyanyua boya, piga filimbi, na ogelea kukata njia yake kwa upande, usikimbie mbele yake. Kama hujavaa fulana ya kuelea na maji ni marefu piga mbizi mita 2 au 3, mashine ndogo zetu propela yake haifiki hata mita moja chini. Ukiwa na jaketi lililojaa huwezi kuzama kwa wakati, basi upande ndo njia.

Manahodha sasa. Ukimfuata mtu njoo taratibu umeikabili upepo, simama pembeni yake mita kadhaa, rusha kamba, ZIMA mashine, siyo nyutro, zima, kwa sababu nyutro mtu akigusa gia kwa kiwiko imeingia. Ngazi haishushwi mashine ikiwa inawaka. Na usirudi nyuma hata kidogo kukiwa na mtu majini, kurudi nyuma unatanguliza propela, niliwahi kuona boti ya jirani inarudi nyuma kwenye mkondo na binti mmoja yuko ubavuni anatafuta miwani yake, kijana wao aliruka akamvuta kwa mkono, ilibaki kama pima moja. Tangu siku ile mimi nina mtu mmoja omoni kazi yake ni macho tu, hapigi picha wala hagawi matunda. Na kabla ya kuwasha nahesabu vichwa kwa sauti, mara mbili, na mtu wa omoni anahesabu kivyake, idadi zikitofautiana hatuwashi.

Tusiwasahau wazamia pweza wetu, wana maski na mshale tu, hakuna anayewawekea bendera. Dumu la lita 5 lipakwe rangi nyekundu, lichomekwe fimbo yenye kitambaa juu, chini ya fimbo funga kipande cha madini ya risasi au jiwe lisimame wima, kamba ya mita 10 mpaka kiunoni kwa fundo la kufunguka kwa kuvuta mara moja. Gharama yake ni ndogo sana na vitu vyote vinapatikana dikoni.