Kubadili programu inayofungua picha kwenye kompyuta, na kwa nini mara nyingine inagoma

Mteja yuko kaunta ya steshenari karibu na stendi ya Moshi. Ametuma picha kwa WhatsApp na anataka pasipoti saizi kabla basi halijaondoka. Unaibofya picha mara mbili, na badala ya picha kuonekana inaanza kufunguka programu nzito ya kuhariri. Kompyuta yenye RAM ya GB 4 inaganda, mteja anatazama saa. Kompyuta hiyo si mbovu, imeelekezwa vibaya tu. Kuielekeza upya ni kazi ya dakika chache, wala haili bando.

Kabla ya kugusa chochote, elewa jambo hili moja, maana bila hilo utarudia kazi kila siku: Windows haipangi programu kwa ajili ya "picha". Inapanga kwa kiendelezi, yaani zile herufi zinazofuata nukta ya mwisho kwenye jina la faili. Kwa hiyo .jpg ina programu yake, .jpeg ina yake, .png ina yake. Kwamba .jpg na .jpeg ni aina moja ya picha kwa ndani, Windows haijali. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Mtu amebadili .jpg asubuhi, mchana anafungua picha aliyoipakua kutoka WhatsApp Web, mambo yanarudi kulekule, naye anaamini kompyuta imekataa. Haijakataa. Picha ya WhatsApp Web hushuka na jina refu lenye tarehe na saa, na mwishoni ni .jpeg, yenye e. Ya kamera ni .JPG, na herufi kubwa au ndogo hazileti tofauti. Picha ya skrini ni .png. Ukihifadhi kutoka kwenye tovuti, mara nyingi unapata .webp.

Basi anza kwa kuviona hivyo viendelezi, kwa sababu Windows huvificha. Fungua folda yoyote. Kwenye Windows 11 bofya "View", kisha "Show", kisha "File name extensions". Kwenye Windows 10 bofya "View" juu, halafu weka tiki kwenye "File name extensions". Viache vionekane siku zote. Ila ukibadili jina la faili, usiguse herufi za mwisho.

Sasa kazi yenyewe.

1. Bofya picha moja ya .jpg kwa kitufe cha kulia cha mausi, nenda "Open with", kisha "Choose another app".

2. Chagua programu unayoitaka. Kwa kaunta, chagua nyepesi. "Photos" ya Windows inatosha kwa wengi. Kwa kompyuta ya zamani IrfanView hufunguka haraka zaidi, na kitufe cha nafasi kinakupeleka picha inayofuata, Backspace inakurudisha. Lakini IrfanView ni bure kwa matumizi yasiyo ya biashara tu. Duka au ofisi inatakiwa kulipia. Kama hutaki kulipa, nomacs ni ya bure hata kwa biashara.

3. Kwenye Windows 11 bofya "Always". Ukibofya "Just once" itafungua mara hiyo moja na kusahau. Kwenye Windows 10 weka kwanza tiki kwenye sentensi ya chini inayoanza na "Always use this app", ndipo ubofye OK. Tiki hiyo ndiyo inayosahaulika kuliko kitu kingine chochote.

4. Rudia kwa picha moja ya .jpeg, moja ya .png na moja ya .webp. Huna haja ya kugusa picha zote. Moja ya kila aina inatosha.

Programu isipoonekana kwenye orodha, Windows 11 ina "Choose an app on your PC". Windows 10 ina "More apps", na chini kabisa ya orodha hiyo "Look for another app on this PC". Dirisha litafunguka kwenye C:\Program Files. Ingia folda ya programu yako na uchague faili yake ya .exe, yaani ile inayoiwasha programu. Usichague programu iliyo kwenye flashi: siku flashi ikichomolewa, picha hazitafunguka.

Njia nyingine ni kupitia mipangilio, na ni nzuri pale ambapo huna picha ya kila aina mkononi. Fungua "Settings", kisha "Apps", kisha "Default apps". Kwenye Windows 11 andika .jpeg kwenye kisanduku cha juu, pamoja na nukta yake. Itaonyesha programu inayoshika aina hiyo kwa sasa; ibofye na uweke unayoitaka. Au shuka kwenye orodha ya programu, bofya ile unayoitaka, na utaona viendelezi vyote inavyoweza kufungua vimepangwa mstari mmoja chini ya mwingine. Windows 10 ina sehemu iitwayo "Photo viewer" inayobadili aina nyingi kwa mpigo; zinazobaki zimo kwenye "Choose default apps by file type". Usibofye "Reset" iliyo kwenye ukurasa huo kwa kudhani itatengeneza picha peke yake. Inarudisha kila kitu kilivyokuwa kiwandani, pamoja na kivinjari na programu ya PDF.

Ukikosea ukachagua, tuseme, Word ifungue picha, usiogope. Faili haijaguswa. Alama yake tu ndiyo iliyobadilika. Rudia hatua na uchague sahihi.

Tatizo jingine kabisa, ambalo watu hulichanganya na hili, ni HEIC. iPhone zimekuwa zikihifadhi picha kwa mtindo huo tangu iOS 11 ya mwaka 2017, na ofisi za utalii za Arusha hukutana nazo kila mgeni anaposhuka Kilimanjaro na kutaka picha zake zihamishwe. Hapa kubadili programu hakusaidii, kwa sababu mara nyingi Windows yenyewe inakosa kinachoisoma picha. Ingia Microsoft Store, weka "HEIF Image Extensions", ambayo ni bure. Picha ikiendelea kugoma, kinachokosekana ni "HEVC Video Extensions", na hiyo huuzwa kwa bei ndogo. Kubadili jina kutoka .heic kuwa .jpg hakugeuzi picha. Unaongeza mkanganyiko tu. Mwenye simu anaweza kuingia "Settings", "Camera", "Formats" na kuchagua "Most Compatible", na picha zitakazofuata zitakuwa .jpg. Zile za zamani zinabaki zilivyo.

Kwa studio za picha za harusi na kipaimara, ushauri wetu ni kutohamisha kila kitu. Faili ghafi za kamera, yaani .CR2 na .CR3 za Canon, .NEF za Nikon, .ARW za Sony, pamoja na .PSD za Photoshop, ziache zifunguke na programu ya kuhariri, kwa sababu ukizifungua ni kwa ajili ya kazi. Picha zilizokamilika ndizo zihamie kwenye programu nyepesi. Ukitaka kuhariri .jpg moja, tumia "Open with" na "Just once" (kwenye Windows 10, OK bila tiki) bila kuvuruga mpangilio.

Mipangilio hii ni ya akaunti moja ya mtumiaji. Kompyuta yenye akaunti ya mchana na ya jioni inahitaji kazi ifanywe mara mbili.

Kwenye Mac ni rahisi zaidi: chagua picha, bonyeza Command na I, chini ya "Open with" chagua programu, kisha bofya "Change All". Ukisahau "Change All" umebadili picha moja tu. Kwenye Linux, andika kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) xdg-mime query default image/jpeg uone nani anashika sasa, halafu xdg-mime default nomacs.desktop image/jpeg, ukiweka jina la faili ya .desktop kama lilivyo kwenye /usr/share/applications. Huko .jpg na .jpeg zote ni image/jpeg, kwa hiyo amri moja inazimaliza zote mbili.