Soma Mkondo Kwanza: Namna ya Kuyaelewa Matumbawe ya Kilindini

Ukitaka kuyajua matumbawe ya kilindini, yale yaliyo mita 200, 500, hata 1,000 chini, anza na mkondo wa maji. Ndivyo ninavyowafundisha vijana wanaokuja kwangu hapa Casuarina, Malindi, kujifunza kazi ya kuongoza wageni kwenye mashua za sakafu ya kioo. Wengi hufika wamekwisha kukariri majina ya samaki. Nawaambia samaki watangoja. Kwanza nioneshe maji yanatoka wapi na yanaelekea wapi.

Sababu ni chakula. Matumbawe ya kina kifupi yana vimwani vidogo sana ndani ya miili yao, na vimwani hivyo hupika chakula kwa mwanga wa jua. Ukishapita mita 200 hivi, mwanga uliobaki hautoshi kazi hiyo. Tumbawe la huko chini lina mdomo na mikono midogo tu, limeshikana na jiwe, na halitoki hapo mpaka life. Kila linachokula huletwa na maji: wadudu wadogo wa baharini, mabaki ya viumbe yanayoanguka kutoka juu. Mkondo ukifa, halina riziki. Mkondo ukizidi ukali, mikono inalazwa na chakula kinapita mbele yake bila kushikwa. Ukibeba tope, linafukiwa likiwa hai. Mambo haya matatu uyaweke kichwani, maana yote nitakayosema baadaye yanarudi hapo.

Kwanza, majira. Watu wa Malindi na Lamu tuna bahati, kwa kuwa pepo tunazijua tangu utotoni. Kusi linashika kuanzia Aprili hivi mpaka Oktoba, na wakati huo mkondo wa pwani yetu unakimbia kwenda kaskazini kwa nguvu. Kaskazi inapovuma, Desemba mpaka Machi, maji ya upande wa Somalia hugeuka yakashuka kusini, yakakutana na ya kwetu upande huu wa Lamu na Malindi, kisha yote yakakunja kuelekea mashariki, bahari kuu. Pale yanapokutana, maji ya chini yenye rutuba hupanda, vijidudu vinazaliwa kwa wingi, samaki wanafuata. Chakula kikizaliwa kwa wingi juu, mabaki yake hushuka chini. Kwa hiyo mvuvi anayesema msimu huu bahari ina neema, anazungumzia pia meza ya viumbe ambao hajawahi kuwaona.

Pili, mwezi. Bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na maji hujaa na kupwa kwa tofauti inayopita mita 3. Maji mafu huja mwezi ukiwa nusu. Usipime mkondo siku moja ukadhani umeujua. Pima siku ya bamvua, urudi siku ya maji mafu, mahali palepale.

Kupima kwenyewe ni rahisi. Chukua chupa ya plastiki ya lita moja, ijaze maji mpaka ibaki imechomoza shingo tu, upepo usipate pa kuisukuma. Ifunge kamba nyembamba yenye alama kwenye mita 20. Mashua ikiwa imefungwa kwenye boya (nanga usitupe kamwe juu ya mwamba), iachie chupa, uhesabu sekunde mpaka alama ipite mkononi. Ikichukua sekunde 40, mkondo unakwenda nusu mita kwa sekunde. Kisha tengeneza ya pili: kipande cha turubai kilichonyooshwa kwa vijiti viwili, chubwi chini yake, kining'inie mita 10 chini ya boya dogo. Achia vyote pamoja. Mara nyingi utaviona vinaachana, kimoja kinakwenda huku na kingine kule. Hapo kijana hunyamaza na kuangalia tena, kwa sababu ameona kwa macho yake kwamba bahari ina tabaka, na la juu haliamrishi la chini.

Wavuvi wa mshipi wanalijua hilo bila turubai. Ami yangu alivua kilindini miaka mingi, na alikuwa akiushika mshipi kwa vidole viwili, kimya, akihesabu pima (pima moja ni kama urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa). Mshipi ulianza kulala upande wa kusini, halafu ukishapita pima kadhaa aliuhisi unavutwa upande mwingine. Kwake hiyo ilikuwa habari ya mahali pa kutafuta samaki. Kwangu mimi leo ni habari ya matumbawe pia.

Tatu, vaa miwani uingie majini, uwaangalie wanaokaa mlangoni. Kwenye milango ya mwamba, maji yanapobanwa yakaongeza mwendo, utakuta matumbawe laini yaliyotanda kwa ubapa, matawi yake yamesukana. Karibia mpaka uso uwe shubiri mbili tu. Utaona tandaa zima limeukabili mkondo kwa ubavu wake mpana, kama wavu uliotegwa kukata mlango, na kila tawi limejaa polipi ndogo, yaani vinyama vinavyolijenga tumbawe, zilizofunguka, mikono minane kila moja. Matandaa ya jirani yameelekea upande uleule. Chora kwenye kibao chako mstari wa matandaa, kisha mshale unaoukata mstari huo: ndio njia ya mkondo wa mahali hapo, na hukuhitaji chombo chochote. Watafiti wanaoshusha kamera kilindini hutumia dalili hiihii.

Nne, tope. Hapa Malindi somo tunalo mlangoni. Mto Sabaki unaingia baharini kaskazini ya mji, na baada ya mvua maji yake ni mekundu. Kusi likivuma, wekundu ule husukumwa kaskazini, kuelekea Ngomeni na Ungwana. Mvua za vuli zikishaupa mto nguvu na kaskazi ikaanza, wekundu unashuka kusini mpaka kwenye hifadhi yetu ya bahari, ambayo imelindwa tangu 1968. Mto ni uleule, mwamba ni uleule. Upepo na mkondo ndio wanaoamua nani atafunikwa mwaka huo. Mimi huumia sana kuona tumbawe linahangaika kujisafisha kwa ute siku nzima. Nguvu inayokwenda huko haibaki ya kukua.

Sasa shuka kilindini, kwa ramani. Tafuta ramani ya bahari yenye mistari ya kina. Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya kina kinaporomoka kilomita chache tu kutoka ufukweni, lakini mbele ya Ungwana kitako cha bara, yaani sakafu ya bahari yenye kina kifupi iliyoungana na nchi kavu, kinapanuka kwenda mbali, huko kwenye mwinuko wa chini ya bahari uitwao North Kenya Bank. Mistari ikibanana, pana mteremko mkali. Ikizunguka yenyewe, pana kilima. Weka alama kwenye kingo, migongo na vilele, maana huko mkondo hulazimika kupanda na kuongeza kasi, tope linafagiliwa, jiwe linabaki wazi kwa mtoto wa tumbawe kushika. Uwanda laini wa tope upite haraka. Wanaoishi huko ni wengine. Pembeni mwa mlima wa chini ya bahari maji huweza pia kuzunguka mahali pamoja, yakashikilia chakula na mayai.

Ukitaka ushahidi, angalia kwingine. Norway, mbele ya Træna, kuna miamba mirefu ya matumbawe iliyolala sambamba: kichwa kinachokabili mkondo kiko hai, mkia nyuma yake ni mifupa mitupu, maana wanaokula kwanza ni walio mbele. Mingulay, Scotland, kila maji yanapogeuka, maji ya juu yenye chakula huvutwa chini mpaka kwenye mwamba. Na karibu na Ireland upo mlima uitwao Challenger Mound, wenye urefu wa mita 155, uliochimbwa mwaka 2005 ukaonekana ulianza kama miaka milioni 2.6 iliyopita. Ulijengwa na matawi ya matumbawe pamoja na mchanga ulioletwa na mkondo ukanaswa kati ya matawi hayo, tabaka juu ya tabaka.

Ukuaji wao ni wa polepole mno. Tumbawe jeupe la maji baridi, linalopenda nyuzi 4 hadi 12, huongezeka milimita chache tu, au sentimita mbili hivi, kwa mwaka. Karibu na Hawaii tumbawe jeusi moja lilipimwa likakutwa na umri wa zaidi ya miaka 4,000. Wavu wa kukokota ukipita hapo mara moja, hakuna kijukuu atakayeliona limerudi. Hili nalisema kwa uchungu, na nalirudia kila safari.

La mwisho, kwa wavuvi wa mshipi, kwa sababu nyinyi mnafika ambako sisi hatufiki. Malindi hapa ndipo meli ya uvuvi ilipomtoa silakanti mwaka 2001, samaki aliyewahi kudhaniwa ametoweka duniani. Kilindi chetu kina mambo. Ndoana ikipanda na kipande cha tumbawe, kiangalie kabla hakijakauka. Kikiwa na ute na nyama yenye rangi kilikuwa hai. Kikiwa mfupa mtupu wenye ukoko wa kahawia kilikufa zamani. Kipige picha pembeni ya kisu ili ukubwa uonekane. Usikiuze. Andika pima ulizohesabu, mahali, tarehe, umri wa mwezi, na upande mshipi ulikolala juu na ulikolala chini, kisha uipeleke karatasi hiyo kwa watu wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi. Mahali penyewe pakumbuke, na siku nyingine uvulie pembeni yake.